Katambuga Hazikupimwa

Butiama,
4 Februari 2024

Mwanangu Esta,

Barua hii nimempa konda wa basi la asubuhi, ameniahidi ataifikisha dukani kwako. Usishangae mwandiko kutetemeka. Mkono ni ule ule uliokufundisha herufi, mwenye mkono ndiye amechakaa. Sauti nayo imeondoka tangu Novemba. Daktari alinitazama kooni kwa taa, akaandika maneno ambayo hakutaka kunieleza, akidhani mzee wa Butiama hayajui. Niliyajua. Tangu siku hiyo nazungumza na Stellah, mjukuu wa dada yangu anayenitunza, kwa ubao mdogo na chaki. Simu ikilia naitazama tu mpaka inyamaze.

Nina ombi. Mwaka 1998 niliandika kitabu kidogo cha historia ya kijiji chetu, na shule bado inakitumia. Nataka kuuandika upya ukurasa mmoja, ule unaohusu ng'ombe wa babu yako Keraryo na marehemu baba yako. Niambie, Bernado alikuwa anasemaje kuhusu siku ile ya Machi 1986? Hata kama ni neno moja. Usiogope kuniudhi.

Biashara inaendaje? Nimesikia umefungua stoo ya pili.

Ni mimi mwalimu wako,
Felisian Mseti


Manyamanyama, Bunda,
11 Februari 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa juu ya gunia la dagaa na wateja wakinisubiri. Pole sana kwa koo. Mtu aliyekuwa anaita mstari wa asubuhi bila kengele, leo anaandika kwenye ubao! Nimelia kidogo, halafu nikauza.

Mwalimu, kwa nini uandike upya? Ulichoandika ndicho kilichotokea. Baba alimtolea mama mahari ng'ombe wanne, baada ya kuishi naye miaka minane na mimi tayari nina miaka saba. Mwezi haujaisha, ng'ombe wale wanne wakatoweka zizini kwa babu. Watu wakafuata nyayo, zikaingia kwetu. Na juu ya alama za kwato kulikuwa na nyayo za katambuga, ndara za tairi kama alizovaa baba. Nakumbuka walivyokuwa wanamzomea: "Msukuma ametoa mahari mchana, ameifuata usiku!" Babu akarudishiwa ng'ombe, akamchukua na binti yake. Mimi na baba tukatoka na godoro moja. Mama hakutusindikiza hata mpaka njia panda. Tangu siku hiyo sijapata hata salamu yake.

Unauliza baba alikuwaga anasemaje. Alikuwa na jambo moja tu: "Ng'ombe walirudi wenyewe walikozaliwa. Zile nyayo si zangu. Kama wangepima!" Katambuga zake alizitundika ukutani hapa Manyamanyama miaka ishirini na tano, hakuzivaa, alisema siku moja atakuja mtu kuzipima. Wapangaji wenzetu walikuwa wanamcheka. Na mimi nilikuwa namcheka, Mwalimu, halafu nilipokua nikawa namchukia. Alipofariki mwaka 2011, siku ya tatu baada ya mazishi nilizichukua nikazitia motoni. Raba ilitoa moshi mweusi mpaka majirani wakalalamika.

Kwa hiyo mimi mwizi simlei. Juzi nimemwachisha kazi Flora, binti wa Suguti aliyekuwa ananiletea magunia kutoka mwaloni, kule dagaa wanakoshushwa. Gunia linapimwa kule Jumatatu, likifika kwangu Alhamisi limepungua kilo tatu, kilo nne. Analia, anaapa. Nikamwambia, nimekulia nyumba yenye mtu wa kuapa.

Wewe ndiye mtu pekee wa kule aliyenikumbuka. Madaftari yale, kila Januari, mpaka nikamaliza darasa la saba, pamoja na kalamu na ile sweta ya bluu. Mungu anayajua. Kama kuna dawa inatakiwa, sema.

Mtoto wako,
Esta Bernado


Butiama,
19 Februari 2024

Esta,

Asante. Niliisoma barua yako mara tatu, halafu nikaiweka chini ya mto, kisha nikaitoa kwa sababu ilinizuia kulala.

Hukuwahi kuniambia kwamba alizitundika ukutani. Nilidhani alizitupa.

Ngoja nikuulize jambo la biashara, ingawa mimi biashara sijui. Wiki ile Flora alipoleta magunia mvua zilikuwa zinanyesha ziwani. Dagaa walikauka vizuri kabla ya kufungwa? Chukua gunia moja lililopimwa mwaloni, liweke chumbani mwako, ufunguo ukae nao wewe, ulipime baada ya siku tano. Ni hilo tu.

Hapa hakuna jipya. Tangu Wegesa wangu afariki nyumba imekuwa kubwa. Hatukujaliwa mtoto, unajua. Asubuhi Stellah ananitoa nje, nakaa kwenye kiti kutazama barabara ya kisimani. Mama yako hupita na ndoo. Anaishi peke yake kwenye kiwanja cha Keraryo, tangu mzee afe mwaka 2003. Hakuolewa tena. Hunisalimia kwa kuinamisha kichwa, nami humwinamishia. Siwezi kumsemesha, na zamani nilipoweza sikumsemesha.

Umewahi kujiuliza kwa nini hakuwasindikiza?

Felisian


Manyamanyama,
26 Februari

Mwalimu,

Shikamoo. Nitakuwa na haraka.

Gunia nimeliweka, ili tu nikuoneshe. Habari za mama usinipe. Kutoka kwake mpaka njia panda ni hatua mia mbili, alishindwa. Sina cha kujiuliza.

Halafu Mwalimu, mimi si mtoto. Unauliza baba alisemaje, unamtetea Flora usiyemjua, sasa unaniletea mama. Kuna kitu unakizunguka. Darasani ulikuwaga unatuambia, "Jibu swali, usilisimulie." Basi na wewe jibu.

Esta


Butiama,
6 Machi 2024

Esta,

Umenikumbusha maneno yangu mwenyewe. Nitajibu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka arobaini na moja, mzee wa kanisa na mwalimu mkuu msaidizi. Mimi na Wegesa tulikuwa tumengojea mtoto miaka kumi na tatu. Kanisani tulikuwa tumeombewa mpaka watu wakachoka kutuombea. Ng'ambo ya ule mwamba ulio nyuma ya mji wa baba yako kulikuwa na mganga. Nadhani unamkumbuka, watoto mlikuwa mnaogopa kupita kwake. Mimi, niliyekuwa nikihubiri dhidi yake, niliamua kwenda.

Sikutaka kutambulika. Kijiji kizima kilijua kwamba mwalimu Felisian huvaa viatu vya ngozi, vilivyopigwa rangi, hata kwenye tope. Kwa hiyo nilinunua katambuga Musoma, mahali nisipojulikana, nikazificha. Alfajiri ile, mvua ikiwa imenyesha jioni iliyotangulia, nilizivaa, nikajitanda blanketi kama mchungaji wa ng'ombe. Nilijua atakayeniona kwa mbali hatanitazama mara mbili. Nyayo zangu je? Nani angedhani katambuga ni mguu wa mwalimu? Niliitegemea dhana yao kama mtu anavyotegemea mlango uliofungwa.

Njiani niliona kwato mbichi mbele yangu. Sikuzijali. Nilizikanyaga. Zilielekea zizini kwa Bernado, nami nikapita pembeni ya zizi, nikapanda mwamba. Juu ya mwamba mguu hauachi alama. Nilirudi kwa njia ya kijitoni, nikavaa viatu, nikawahi kengele ya shule.

Saa mbili filimbi ya sungusungu, walinzi wa kijiji, ikalia. Walinifuata shuleni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiandika mihtasari ya kijiji. Tukafuata nyayo. Nusu ya njia nilizitambua zangu. Katambuga ya kushoto ilikuwa imetobolewa kisiginoni na msumari, ikiacha kijitundu kila hatua. Nilitembea kando ya nyayo zangu mwenyewe, daftari mkononi, karibu kilomita tatu, na hakuna aliyenitazama miguuni.

Desturi yetu unaijua. Nyayo za ng'ombe zikiingia mji wa mtu, mwenye mji ndiye anayejibu. Bernado alijibu vizuri. Alisema aliwakuta wamesimama nje ya zizi kulipopambazuka, wanalia kuingia; walizaliwa pale, na yule jike mwenye pembe moja ndiye aliyewaongoza. Alisema anakamua tu, kisha anawarudisha. Wazee wafugaji walijua kwamba ng'ombe wa mahari hurudi. Wawili walianza kutikisa vichwa kukubali. Ndipo Chacha, aliyekuwa kamanda wa sungusungu, akasema, "Sawa, ng'ombe hurudi. Lakini tangu lini ng'ombe akavaa katambuga?" Watu wakacheka sana. Kesi iliishia kwenye kicheko kile, Esta. Baada ya watu kucheka pamoja namna ile, ilikuwa vigumu kwa yeyote kufikiri peke yake.

Baba yako akavua katambuga zake, akazinyoosha. "Pimeni." Chacha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye msomi. Tupime?"

Nikasema, "Hakuna haja."

Hayo ndiyo maneno yangu. Kwenye muhtasari sikuyaandika. Niliandika: "Mtuhumiwa alishindwa kujieleza." Miaka kumi na miwili baadaye nikaandika kwenye kitabu cha watoto kwamba mgeni aliiba mahari aliyoitoa, na watoto wamekuwa wakijibu hivyo kwenye mtihani wa shule nami nikiwapa alama. Mimi, niliyefundisha historia miaka thelathini na moja na kuwaambia kila mwaka kwamba alama ardhini haina jina mpaka mtu ailinganishe!

Nilijiambia kwamba watampiga faini tu. Kisha nikajiambia kwamba mgeni ataanza upya kwa urahisi kuliko mwenyeji. Kisha nikazoea.

Kuna jambo la pili, na ndilo linaloniogopesha zaidi kukuandikia. Madaftari yale hayakuwa yangu. Sweta haikuwa yangu. Mama yako alilima mihogo ya watu akavinunua. Siku mnaondoka, Keraryo alimfungia ndani ya ghala la mtama. Ndiyo sababu hakufika njia panda. Baadaye alinijia kwa siri, hajui kusoma, akaniomba nikutumie kwa jina langu ili baba yake asijue, na niandike ndani, "Mama anakusalimu." Salamu ya kwanza niliiandika, kisha nikaichana ile karatasi. Niliogopa kwamba mkiwasiliana, mtaongea, na mkiongea mtaanza kuhesabu hatua za siku ile. Wewe ukanishukuru. Shukrani zako nimezila miaka yote hiyo. Mama yako naye anaamini ulipata salamu zake na hukutaka kujibu.

Sina mtu mwingine wa kumwomba. Sauti sina. Nataka barua hii isomwe kwa sauti mbele ya mama yako na watu. Nakuomba uisome wewe. Katika kifurushi hiki zimo katambuga zangu. Zimekaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda miaka thelathini na minane. Tundu la msumari bado lipo.

Daktari alitaja mwezi wa tano.

Felisian Mseti


Butiama,
29 Machi 2024

Esta,

Konda ameniapia kwamba kifurushi alikukabidhi mkononi na kwamba ulikifungua mbele yake. Anasema ulizima taa ya stoo, ukafunga mlango saa nne asubuhi.

Sidai jibu. Nataka tu ujue kwamba nilijaribu kumwandikia mama yako kwenye ubao. Stellah alimwita hapa. Nikaandika, nikakumbuka hajui kusoma. Stellah akataka amsomee. Nikafuta. Nimeogopa tena, kwa umri huu.

Sasa ninakunywa uji tu.

F. M.


Manyamanyama,
9 Aprili 2024

Mwalimu Felisian,

Sijui nikusalimie vipi, kwa hiyo sitakusalimia.

Lile gunia nililipima. Ufunguo nilikuwa nao mimi, hata panya hakuingia. Limepungua kilo tatu na nusu. Nilikaa nalo chumbani kama mtu na mgonjwa wake. Kesho yake nilikwenda Suguti kumtafuta Flora. Alikuwa anaanua nguo. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Alinisikiliza amesimama, hakunipa kiti. Akasema, "Mama Duka, wewe hukunidhania. Wewe ulikuwa umeshajua." Hatarudi. Nimerudi na maneno hayo mpaka Bunda.

Nakuchukia, Mwalimu. Naandika hivyo ili nione kama kalamu itakubali, imekubali. Lakini kila nikianza kukuchukia vizuri namwona baba anaelekeza kidole ukutani, "Esta, zipime tu," na mimi nabetua mdomo. Wewe ulisema hakuna haja mara moja. Mimi nilimwambia baba hakuna haja kila siku, na nilikuwa naishi naye chumba kimoja.

Barua nitaisoma. Jumamosi tarehe 20, saa tatu asubuhi, uwanjani kwa mama. Mwambie Stellah amwite mwenyekiti wa kijiji, na Chacha, na yeyote wa siku ile aliyebaki. Mama aambiwe tu kwamba kuna kikao. Sitafika kabla ya hapo, sijui nitamwambia nini tukiwa wawili.

Sharti langu ni moja. Katambuga nakurudishia kwa basi hili. Mimi nitasoma. Wewe utazivaa.

Esta Bernado Masanja


Butiama,
14 Aprili 2024

Esta,

Zimefika. Nimezivaa leo uani, Stellah akinishika mkono. Nimekonda mwili mzima, mashavu yamekwisha, pete ya ndoa naifunga kwa uzi. Nilitumaini miguu nayo itakuwa imebadilika.

Zimenienea.

Nitakuja.

Felisian


Butiama, kwa mama,
22 Aprili 2024

Kwa Mwalimu Felisian Mseti,
Wodi ya wanaume, hospitalini, Musoma

Shikamoo Mwalimu.

Stellah amenipigia kwamba umelazwa salama na kwamba unasikia ukisomewa. Barua hii naituma kwa konda, Stellah akusomee taratibu. Ulianguka mapema ukachukuliwa na gari, hukuona mwisho wake. Nadhani una haki ya kuujua.

Nilipofika kwenye maneno "Hakuna haja" wewe ukainuka bila kuambiwa. Nilizihesabu, ulitembea hatua kumi na moja. Mvua ilikuwa imelainisha uwanja. Ulipoanguka, watu walikukimbilia wewe. Mama hakukukimbilia. Aliinama kwenye nyayo, akapitisha kidole juu ya kile kitundu cha kisigino, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho. Kumbe siku ile ya mwaka 1986 alikuwa amekiona. Aliniambia baadaye: alipotoka kuteka maji alikiona njiani, akajua katambuga za mumewe hazina tundu, akamwambia babu. Babu akamwambia mke hamtolei mumewe ushahidi. Halafu akasikia kwamba mwalimu amekubali kuwa nyayo ni za baba. Basi naye akadhani macho yake ndiyo yaliyokosea.

Mzee Chacha yeye alizitazama nyayo muda mrefu, ameegemea fimbo. Unajua alisema nini? Akasema, "Lakini mwalimu alikuwaga anavaa viatu." Nikamwambia, Babu, umesikia barua yote? Akasema ameisikia. Akaondoka anarudia, "Alikuwaga anavaa viatu huyu."

Mwenyekiti ameandika muhtasari, safari hii na maneno yako yamo. Shule imeahidi kuuchana ule ukurasa. Nimewaambia wasiuchane, waandike pembeni.

Kuhusu mama. Jioni ile tulikaa kama wageni wawili wanaongoja gari. Alinipikia ugali wa mtama na sato, akaniuliza kama nakula pilipili. Mama ananiuliza mimi kama nakula pilipili. Halafu akaniuliza kama sweta ya bluu ilinitosha. Nikamwambia ilikuwa ndefu mikono, nikaikunja, nikaivaa miaka minne. Alifurahi sana kusikia ilikuwa ndefu. Alisema alikisia tu, alikuwa anamtazama mtoto wa jirani wa rika langu.

Sijakusamehe, Mwalimu. Usife ukidhani nimekusamehe, na usife ukidhani sitakusamehe. Bado sijapima.

Nyayo zako bado zipo. Mama amezifunika kwa mabeseni, moja moja, kuku wasizichakure. Ameazima mengine kwa majirani. Leo asubuhi alinikuta mlangoni, akaniambia nizilete katambuga za baba, aziweke pale kando ya zako, azione kwa macho zote mbili, mara moja tu kabla mvua haijashuka. Alikuwa ameshasafisha mahali pa kuziweka.

Nikamwambia nilizichoma.

Alienda akachukua beseni lililobaki, akafunika nalo pale mahali patupu.

Esta